Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wimbo wa "Edelweiss"

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanaohudhuria jioni zetu za kusikilizana nyimbo hapa Tabora mjini, ambapo kila anayekuja huleta wimbo mmoja anaoupenda, akawapigia wenzake na kuwaeleza umetoka wapi. Mimi huleta wimbo wa "Edelweiss" kutoka katika tamthilia ya muziki iitwayo The Sound of Music, na kwa kuwa maswali yanayofuata ni yaleyale kila mara, nimeombwa niyajibu kwa maandishi. Mengine huulizwa na walimu wa kwaya, mengine na vijana walioiona filamu peke yake, na machache na wazee ambao hawakubali jambo lolote kabla ya kuelezwa sababu. Hayo ya wazee ndiyo niliyoyajibu kwa urefu.

The Sound of Music ni filamu au ni mchezo wa jukwaani?

Ni vyote viwili, lakini jukwaa ndilo lililotangulia. Tamthilia ilifunguliwa katika ukumbi wa Lunt-Fontanne, Broadway, mjini New York, tarehe 16 Novemba 1959. Muziki ulitungwa na Richard Rodgers, maneno ya nyimbo na Oscar Hammerstein wa Pili, na mazungumzo yakaandikwa na Howard Lindsay pamoja na Russel Crouse. Mary Martin aliigiza nafasi ya Maria, naye Theodore Bikel akawa Kapteni von Trapp. Ilichezwa mara 1,443 kabla ya pazia kufungwa mwaka 1963. Filamu iliyoongozwa na Robert Wise, yenye Julie Andrews na Christopher Plummer, ilitoka mwaka 1965 na kutwaa tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Anayeifahamu filamu tu anaijua hadithi, ila kuna mambo kadhaa kuhusu wimbo wetu ambayo filamu iliyabadilisha, nami nitayaeleza yatakapofikiwa.

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Maria ni msichana anayejiandaa kuwa mtawa mjini Salzburg, Austria, na mama mkuu wa utawa anamtuma kwa muda akawalee watoto saba wa kapteni mmoja mjane. Anawafundisha kuimba, wanampenda, na hatimaye baba yao anamwoa. Wakati huohuo Ujerumani ya Hitler inaimeza Austria, jambo lililotokea kweli mwezi Machi 1938, na Kapteni anaamriwa akatumikie jeshi la majini la Wajerumani. Hawezi kukubali, na hawezi kukataa hadharani akabaki hai. Wimbo wa "Edelweiss" umewekwa katikati ya mkwamo huo.

Unaimbwa wapi hasa, na kwa nini mahali hapo ni muhimu?

Jukwaani, kama ulivyotungwa mwaka 1959, unaimbwa karibu na mwisho, kwenye tamasha la muziki. Kapteni amepata kisingizio cha kuchelewesha safari yake kwa kuwa familia yake imo kwenye orodha ya waimbaji, nao waliotumwa kumchukua wanamsubiri amalize. Ukumbi umejaa watu wa nchi ambayo imekwisha kufutwa kwenye ramani, na wanaomlinda wamo ndani yake. Katika hali hiyo anasimama na kuimba kuhusu ua dogo jeupe la mlimani, akiliomba lichanue daima na kuibariki nchi yake. Hakuna neno la siasa ndani yake wala tusi kwa yeyote, hivyo aliye na bunduki hana la kumshtaki, lakini kila Mwaustria aliyeketi pale anaelewa kwamba mtu huyu anaiaga nchi.

Kwa sababu hiyo nimekuwa mgumu katika sharti moja: ninapouleta wimbo huu, sikubali upigwe kabla ya watu kusimuliwa tukio hilo. Wimbo wa dansi huja na kila kitu chake. Unaupiga na watu wanaelewa. Wimbo wa tamthilia umetungwa ili mtu fulani auimbe mbele ya watu fulani baada ya jambo fulani kutokea, na ukiutoa hapo bila maelezo, msikilizaji atakwambia kwa adabu kwamba ni mzuri, kisha atauliza zamu inayofuata ni ya nani. Nimeona ukipokelewa kwa namna zote mbili, na tofauti yake ni kubwa mno.

Filamu iliongeza tukio la awali ambapo Kapteni anauimba nyumbani, mbele ya watoto wake, kwa gitaa. Baadaye, kwenye tamasha, sauti inamkwama, Maria anamsaidia, na watu wote ukumbini wanaitikia. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu mtazamaji anakuwa amekwisha kuuzoea wimbo kabla haujabebeshwa uzito. Hata hivyo mimi napendelea ule wa jukwaani, ambapo wimbo unasikika kwa mara ya kwanza katika saa ya hatari yenyewe.

Je, si kweli kwamba huu ni wimbo wa kale wa Austria, au hata wimbo wa taifa lao?

Si kweli, ingawa ni swali ambalo limeulizwa duniani kote. Wimbo wa taifa wa Austria ni mwingine kabisa, na "Edelweiss" haukuwepo kabla ya mwaka 1959. Ulitungwa Marekani, na Wamarekani wawili, tena kwa haraka. Tamthilia ilikuwa tayari inafanyiwa majaribio mbele ya watazamaji mjini Boston, wiki chache kabla ya kufunguliwa New York, watungaji walipoona kwamba Kapteni anahitaji wimbo wake mwenyewe wa kuagana na nchi. Bikel alikuwa mwimbaji wa nyimbo za asili za mataifa mengi na alijua kupiga gitaa, kwa hiyo wakamtungia wimbo unaofanana na zile alizozizoea. Bikel mwenyewe alisimulia jinsi mtazamaji mmoja alivyomsubiri mlangoni baada ya onyesho, akamwambia kwamba anaupenda sana "Edelweiss", na kwamba ameufahamu kwa muda mrefu, ila kwa Kijerumani.

Ufundi wa kuandika jambo jipya likaonekana limerithiwa kutoka kwa mababu si mdogo. Hammerstein alitumia maneno mafupi na ya kawaida sana, akiacha tukio lifanye kazi iliyobaki. Alikuwa mgonjwa wa saratani ya tumbo, na huu ndio wimbo wa mwisho alioukamilisha maishani mwake. Alifariki tarehe 23 Agosti 1960, miezi tisa baada ya tamthilia kufunguliwa. Sipendi kuusoma wimbo mzima kama wasia wa mtu anayejua anakufa, kwa sababu uliandikwa ili kutatua tatizo la mchezo, lakini sioni ubaya wa msikilizaji kulijua jambo hilo.

Kuna jingine ambalo kwangu lina uzito zaidi. Theodore Bikel alizaliwa Vienna mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi, na baada ya Wajerumani kuingia Austria mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, alikimbia na wazazi wake hadi Palestina. Mtu wa kwanza kuuimba wimbo huu jukwaani alikuwa ameikimbia nchi hiyohiyo, mbele ya watu walewale, mwaka uleule unaosimuliwa katika tamthilia.

Austria haina bahari. Kapteni wa jeshi la majini alitoka wapi?

Mzee mmoja aliuliza swali hili kwa sauti ya mtu aliyekamata uongo, na jibu lake ni la kihistoria. Hadi mwaka 1918 Austria na Hungaria zilikuwa milki moja kubwa iliyofika pwani ya bahari ya Adria, yenye bandari kama Trieste na Pola, na ilikuwa na jeshi la majini. Georg von Trapp, ambaye ni mtu wa kweli, alizaliwa Zara kwenye pwani hiyo mwaka 1880 na akaongoza nyambizi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Milki iliposambaratika baada ya vita, Austria ilibaki nchi ndogo ya milima isiyo na bandari hata moja. Kwa hiyo Kapteni anayeuimba wimbo huu alikwisha kuipoteza nchi yake mara moja kabla ya kuipoteza tena mwaka 1938.

Je, familia ile ilivuka milima kwa miguu kwenda Uswisi kama inavyoonyeshwa kwenye filamu?

Hapana, walipanda treni kwenda Italia, mchana kweupe, na baadaye wakahamia Marekani. Kwa kuwa Zara ilikuwa imekuwa mji wa Italia, Georg alikuwa na haki ya uraia huko. Mtu wa Tabora, aliyezoea kuona familia nzima na mizigo yake ikisubiri stesheni treni ya Kigoma au ya Mwanza, hatashangaa kwamba watu huhama kwa treni. Isitoshe, Salzburg iko mpakani na Ujerumani yenyewe, ilhali Uswisi iko mbali sana, hivyo anayeondoka hapo kwa miguu kuvuka milima angeweza kujikuta mikononi mwa wale anaowakimbia. Maria wa kweli naye alimwoa Georg mwaka 1927, zaidi ya miaka kumi kabla ya kuondoka kwao. Watunzi walivikusanya vipindi hivyo ili hadithi itoshee usiku mmoja, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Edelweiss ni ua la namna gani?

Ni mmea mfupi unaoota kwenye miamba ya milima ya Alps, mara nyingi juu ya mita 1,800. Kinachoonekana kama petali nyeupe ni majani yaliyofunikwa na manyoya laini yanayolikinga dhidi ya baridi na jua kali, na maua halisi ni yale madogo ya manjano katikati. Waliowahi kupanda Kilimanjaro wameona ndugu zake bila kujua, kwa maana maua meupe makavu ya jamii ya Helichrysum yanayoota juu kule yako katika familia moja nalo.

Kwa nini ulete wimbo wa Ulaya, ilhali tuna nyimbo zetu?

Swali ni halali, na katika mji uliotoa bendi kama Tabora Jazz na Kiko Kids sidhani kama mtu anaweza kulikwepa. Jibu langu la kwanza ni kwamba wenzangu huleta nyimbo hizo, nami hufurahi kuzisikia. La pili ni kwamba wimbo unaokaa ndani ya hadithi si mgeni kwetu hata kidogo. Katika ngano tulizosimuliwa na bibi zetu, msimulizi hufika mahali akaacha kusema na kuanza kuimba: ndege anaimba akifichua siri, au binti aliyefichwa anamwita ndugu yake, na watoto waliozunguka moto wanaitikia. Kiitikio hicho ukikiimba peke yake njiani, anayekusikia hupata maneno mawili matatu yanayojirudia. Anayeijua ngano husisimka. Broadway waliweka taa, pazia na okestra, lakini kazi ya wimbo ni ileile.

La tatu linahusu mkoa wetu moja kwa moja. Ulyankulu ni makazi ya watu waliokuja kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na kutoka huko ilitokea kwaya ya Barabara ya 13 ambayo nyimbo zake zilisikika mbali sana na Tabora. Jirani zetu wa Kigoma wamepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu imekuwepo tangu mwaka 1996. Wimbo wa mtu anayeaga nchi bila kuitaja dhambi ya waliomfukuza hauhitaji kufafanuliwa sana katika mikoa hii miwili. Niliwahi kuupiga mbele ya mama mmoja aliyekulia makazi, na alichouliza ni kama yule Kapteni alirudi. Georg wa kweli alifariki Marekani mwaka 1947.

Nimesikia kwamba ni wimbo wa Wanazi. Ni kweli?

Hapana. Rodgers alikuwa Myahudi, Hammerstein alikuwa na asili ya Kiyahudi upande wa baba, na wimbo ni wa mtu anayekataa kuwatumikia Wanazi. Kinachochanganya watu ni ua, kwa kuwa vikosi vya milimani vya majeshi mbalimbali, yakiwemo ya Ujerumani, vilivaa alama yake. Lakini vijana wa Kijerumani waliompinga Hitler nao walijiita kwa jina la ua hilohilo.

Mwalimu wa kwaya anauliza: ni mgumu kuimba, na unaandikwaje kwa solfa?

Ni mwepesi kuujua na mgumu kuuimba vizuri. Una mapigo matatu kwa kila kipimo, mwendo wa taratibu, na vipimo 32 vilivyogawanyika katika sehemu nne: wazo la kwanza, kurudiwa kwake, wazo la kati linalopanda, kisha kurudi mwanzo. Mstari unaanza *mi – so – re* ya juu, halafu *do* ya juu – *so – fa*. Mruko kutoka *so* kwenda *re* ya juu ndio unaowaangusha wengi. Sauti ya kwanza huusukuma kwa nguvu kana kwamba ni shangwe, wakati unatakiwa kufikiwa kwa ulaini. Wanakwaya wetu, waliolelewa na nota za solfa zilizoletwa na wamisionari, huushika wimbo haraka kuliko wapiga vinanda wengi ninaowafahamu, jambo linalopendeza katika tamthilia ambayo Maria anaanza kuwafundisha watoto kuimba kwa do, re, mi hizohizo.

Ushauri wangu ni mwimbaji mmoja aanze peke yake, bila sauti nyingine, na sauti ya pili, ya tatu na ya nne ziingie kwenye marudio kwa kuvuma tu. Msiujaze mapambo. Kwaya zetu hupenda kumalizia kwa sauti kubwa, na wimbo huu haukubali hilo.

Kwa nini tusiutafsiri kwa Kiswahili?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi. Kila neno la mstari wa kwanza lina silabi tatu: ya kwanza inavutwa mapigo mawili, ya pili ina pigo moja, na ya tatu inakaa kipimo kizima. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukipachika neno letu la silabi tatu, mkazo wake utaangukia noti fupi kuliko zote, na msikilizaji atahisi kwamba neno limekanyagwa hata kama hajui sababu. Mtafsiri hodari angeweza kulitatua, lakini si kwa kazi ya jioni moja.

Ya pili ni haki. Tafsiri ya kuimbwa hadharani inahitaji kibali cha wenye wimbo, ambao leo wako chini ya kampuni ya Concord. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huu, alizitafsiri tamthilia za Shakespeare bila kumwomba mtu, kwa sababu Shakespeare alifariki mwaka 1616. Hapa hali ni tofauti. Katika jioni zetu tunasimulia maana kwa Kiswahili cha kawaida, kisha wimbo unaimbwa kwa lugha yake.

Je, tunaweza kuchukua sauti yake tukaweka maneno ya baraka ya kufungia ibada?

Makanisa kadhaa ya Marekani yalifanya hivyo, na wenye haki wamesema wazi kwamba hawaruhusu maneno mengine kuwekwa kwenye sauti hiyo. Kwa sheria yetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi hulindwa katika maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kifo chake. Rodgers alifariki Desemba 1979, na miaka hiyo haitimii kabla ya mwisho wa mwaka 2029. Mwenye shaka awaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kurekodi. Mimi nitaongeza tu kwamba mkoa wenye watunzi wengi wa nyimbo za ibada kama huu hauna haja ya kuazima baraka.

Nisikilize rekodi ipi, na nimtumieje mwenzangu?

Anza na ya waigizaji wa kwanza wa mwaka 1959, ili umsikie Bikel. Katika filamu anayeonekana ni Christopher Plummer, lakini sauti ya kuimba ni ya Bill Lee, iliyo laini na iliyonyooka zaidi. Bikel ana mkwaruzo kidogo, na kwangu mkwaruzo huo ndio unaofanya niamini kwamba mtu anaaga. Usitume faili lililonakiliwa. Tuma kiungo cha rekodi halali, na kabla yake rekodi sauti yako kwa dakika moja ukisimulia tukio la tamasha, ili mwenzako asikilize simulizi kwanza. Wimbo ni mfupi na hautamaliza bando la mtu.

Umeme ukikatika tunafanyaje?

Gitaa linatosha, na kwa kweli ndicho chombo ulichotungiwa. Kwa anayeupiga katika C, mstari wa kwanza unakwenda C, G, C, F, kisha C, A ndogo, F na G, kila kodi ikikaa kipimo kimoja. Asiye na gitaa auimbe bila chombo, akianzia chini kidogo kuliko anavyodhani, ili ile *re* ya juu isimkute hana pumzi.